Mji uliotulea: Siku mbili Butare baada ya miaka 20

MJI wa chuo hauishi kwa maprofesa. Unaishi kwa mama anayepangisha vyumba vya uani, kijana anayechoma mishikaki, na mwenye duka anayeandika madeni ya wanafunzi kwenye daftari hadi buruse itoke. Wanafunzi wakipungua, hao ndio wa kwanza kujua.

Hilo nililiona mwezi uliopita nilipokwenda Huye, kusini mwa Rwanda, mji ambao wengi wetu bado tunauita Butare. Nilikwenda na marafiki watatu niliosoma nao katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda kati ya mwaka 2001 na 2006. Hatukuwa na harusi wala msiba. Tulitaka tu kulala usiku mmoja katika mji uliotulea, maana tangu tuhitimu kila mmoja wetu amekuwa akiupitia dirishani, akielekea mpaka wa Burundi au msitu wa Nyungwe, bila kushuka garini.

Sisi wanne ni mfano mdogo wa chuo cha wakati ule. Mimi nilizaliwa Karagwe, Tanzania, kwa wazazi wakimbizi. Mmoja alikulia Kampala, mwingine Bujumbura. Wa nne alizaliwa Butare na hajawahi kuhama nchi. Mwaka 1994 alikuwa na umri wa miaka 11, na katika nyumba yao alinusurika yeye na dada yake tu.

Tuliondoka Kigali Jumamosi asubuhi kwa gari la yule wa Kampala, ambaye sasa ni mhasibu. Kutoka Kigali hadi Huye ni kilomita zipatazo 130. Unavuka daraja la mto Nyabarongo, unapanda milima hadi Muhanga, mji uliokuwa ukiitwa Gitarama, kisha Ruhango na Nyanza. Nyanza ilikuwa makao ya wafalme, na hadi leo msafiri husimama hapo kunywa ikivuguto, maziwa ya mgando. Tulisimama. Yule wa Bujumbura alikunywa bilauri mbili akadai ya zamani yalikuwa mazito zaidi. Tulimwambia zamani alikuwa na njaa zaidi.

Mji wenye majina matatu

Wabelgiji waliuita mji huu Astrida, kwa heshima ya Astrid aliyekuja kuwa malkia wao. Mwaka 1929 ilianzishwa hapo shule kubwa ya serikali, Groupe Scolaire, iliyofundisha makarani na viongozi wa Rwanda na Burundi. Baada ya uhuru mwaka 1962 mji ukaitwa Butare, na mwaka 1963 chuo kikuu kikafunguliwa chini ya padri wa Kidominika kutoka Kanada, Georges-Henri Lévesque. Jina la Huye lilikuja mwaka 2006, mikoa na wilaya zilipopangwa upya.

Chuo kipo kwenye kilima cha Ruhande, kando ya msitu wa majaribio ulioanzishwa miaka ya 1930. Miti yake bado ni mirefu na tumbili bado wanavuka barabara bila kumwogopa mtu. Tulipofika getini askari alituuliza tunamtafuta nani. Yule mwenyeji wetu akajibu, “Tunajitafuta wenyewe.” Askari akacheka, akaomba vitambulisho vyetu, akatupisha.

Tuliona mahali palipokuwa na resto, mkahawa wa wanafunzi, tulikokula maharage kila siku ya Mungu. Chakula kingine kilikuwa impungure, mahindi yaliyopikwa pamoja na maharage, ambayo mimi niliijua kwa jina la makande. Buruse ilikuwa faranga 25,000 kwa mwezi. Ikitoka, mji mzima ulijua. Mishikaki ya mbuzi ilipanda bei kuanzia jioni hiyo, ikashuka baada ya wiki.

Lugha tatu, darasa moja

Mwaka wetu wa kwanza haukuwa wa sheria wala uchumi. Ulikuwa wa lugha. Waliosoma Uganda, Tanzania na Kenya walijua Kiingereza. Waliosoma Rwanda, Burundi na Kongo walijua Kifaransa. Mhadhiri aliweza kufundisha kwa lugha yoyote kati ya hizo mbili, na wewe mwanafunzi ulitakiwa kuelewa. Kwa hiyo wa Kiingereza walijifunza Kifaransa, na wa Kifaransa wakajifunza Kiingereza, kabla ya kuanza masomo waliyoyafuata.

Nje ya darasa tulipeana majina. Waliotoka Uganda waliitwa Wasaja, waliotoka Kongo wakaitwa Wadubai. Majina hayo yalikuwa ya utani, lakini yalikuwa pia na mwiba ndani yake, kwa sababu kila kundi lilikaa na wake. Mimi na yule wa Bujumbura tulianza kuzungumza kwa Kiswahili, kwa kuwa Kifaransa changu kilikuwa cha kuokoteza na Kiingereza chake kilikuwa cha nyimbo. Kiswahili tulikisikia pia Cyarabu, mtaa uliopata jina kutokana na wafanyabiashara Waarabu, ambako mwenye duka alikupimia sukari huku akikuuliza habari za Karagwe.

Mwezi Oktoba 2008 serikali iliamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia. Rafiki yangu wa Bujumbura alikuwa tayari mwalimu wa sekondari. Anasema ule mwaka wa lugha alioulaani ndio uliomwokoa kazini. Mwaka 2017 Kiswahili nacho kikawa lugha rasmi ya Rwanda, na siku hizi ananitania kwamba mimi ndiye niliyesubiri kuliko wote.

“Mlikuwa shamba langu”

Mchana tulikwenda Tumba, kwa mama aliyetupangisha geto tulipokuwa mwaka wa tatu. Ana nyumba ya mbele anayoishi, na uani ana vyumba sita vilivyopangwa mstari mmoja. Alitutambua mmoja mmoja, akaanza na swali la kina mama wote: “Wanangu, nani bado hajaoa?”

Baada ya chai alileta daftari. Ndani yake ameandika jina la kila mwanafunzi aliyelala katika vyumba vyake tangu mwaka 1996, kodi aliyolipa na tarehe. Mwaka 2003 kulikuwa na majina 12, wawili kila chumba. Yetu yalikuwemo. Akafungua kurasa za mbele hadi mwaka 2015. Palikuwa na majina matatu.

Kilichotokea kati ya kurasa hizo kinajulikana. Mwaka 2013 taasisi 7 za elimu ya juu za serikali ziliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda. Chuo cha Butare kikawa kampasi moja kati ya kadhaa, na masomo kadhaa yakahamishiwa Kigali na kwingineko. Wenye nyumba, wenye baa na wenye maduka ya kutoa nakala walilalamika hadharani, kwa sababu wengi walikuwa wamejenga kwa ajili ya wanafunzi.

“Nyinyi mlikuwa shamba langu,” alisema mama huyo bila uchungu. “Nililima, nikavuna, nikasomesha.” Kwa kodi ya vyumba hivyo alisomesha watoto wake wawili na yatima watatu aliowachukua baada ya 1994. Wa mwisho alikuwa bado kidato cha nne vyumba vilipobaki vitupu. Mama akakodisha kimoja kwa fundi cherehani, kingine akafugia kuku. “Kuku hawasemi buruse imechelewa,” aliongeza, akitutazama kwa zamu.

Baadaye baadhi ya masomo yalirudishwa Huye, na daftari lake linaonyesha hivyo. Mwaka huu lina majina saba. Hajawahi kurudi kwenye 12, na wala hategemei.

Jioni, mbele ya mishikaki na ndizi za kuchoma, hoja hiyo ilitugawa. Mhasibu wetu alisema kuunganisha vyuo kulikuwa na maana: nchi ndogo haiwezi kuwa na idara tano zinazofundisha kitu kimoja, na mwanafunzi wa Kigali yupo karibu na ajira. Mwenyeji wetu alimwacha amalize. Kisha akasema mwanafunzi wa Kigali anapanga mbali, analipa zaidi na halali chumba kimoja na mtu asiyemjua. “Sisi tulilazimika kujuana,” alisema. “Huo ulikuwa nusu ya masomo.”

Waliolala chumba kimoja

Alijua anachosema. Mwaka 1994 Butare ulichelewa kuingia katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kwa sababu mkuu wake wa mkoa, Jean-Baptiste Habyalimana, aliyakataa. Aliondolewa madarakani Aprili 17, na baadaye akauawa. Siku mbili baada ya kuondolewa kwake, Théodore Sindikubwabo, aliyekuwa rais wa serikali ya muda, alihutubia mjini hapo, na mauaji yakaenea. Aprili 20 aliuawa Malkia Rosalie Gicanda, mjane wa Mfalme Mutara wa Tatu Rudahigwa, aliyekuwa akiishi mjini kimya kimya. Wanafunzi na wahadhiri waliuawa pia, na baadhi ya wauaji walikuwa wenzao. Chuo kilifunguliwa tena mwaka 1995.

Mahakama za gacaca zilizinduliwa mwaka 2002, tukiwa masomoni. Katika hosteli, kijana aliyewapoteza wazazi alilala kitanda cha juu, na wa kitanda cha chini alikuwa na baba gerezani. Hakuna aliyetufundisha namna ya kuishi hivyo. Tulianza na kuazimana sabuni.

Jumapili asubuhi tulikwenda kwenye kumbukumbu ya chuo. Mwenyeji wetu alisimama mbele ya majina kwa muda mrefu. Hatukumsemesha. Tulipotoka alituambia kwamba miaka yote minne ya chuo alipita mahali hapo kwa njia ya mzunguko, na kwamba hiyo ilikuwa mara yake ya tatu tu kuingia. Kisha akauliza nani ana njaa.

Kahawa na hesabu

Kabla ya kuondoka tulikunywa kahawa ya Maraba, inayolimwa magharibi mwa mji. Inafaa kuikumbuka habari yake. Wakulima wa Maraba waliunda ushirika wao, Abahuzamugambi, mwaka 1999, wakati kahawa yao iliuzwa kwa bei ya kutupwa. Miaka ya mwanzo ya 2000 chuo chetu, kikishirikiana na vyuo vya Marekani katika mradi wa PEARL, kiliwasaidia kupata kituo cha kuosha kahawa na kujifunza kuionja na kuipima ubora. Mwaka 2003 kahawa hiyo ilikuwa ikiuzwa katika maduka makubwa ya Uingereza. Sisi tuliokuwa Ruhande tulikuwa bado tunakunywa chai ya rangi.

Hicho ndicho chuo kinachoweza kuufanyia mji, mbali na kodi za vyumba. Kadhalika Radio Salus, iliyoanzishwa chuoni mwaka 2005, iliwapa wakazi wa kusini sauti na ikawapa waandishi wa habari wengi kazi yao ya kwanza. Wanaopanga mahali pa kuweka vitivo wana hesabu zao za fedha, na hatuwezi kuzibeza. Lakini hesabu hiyo haijakamilika kama haina safu ya mama wa Tumba, ya mkulima wa Maraba, na ya vijana wawili wasiojuana waliowekwa chumba kimoja.

Sisi wahitimu nasi tuna wajibu. Mji huu haudai michango wala hotuba. Una nyumba za wageni, una mbuzi wa kuchoma, una makumbusho mazuri ya utamaduni yaliyofunguliwa mwaka 1989, na tangu CHAN ya mwaka 2016 una uwanja wa kisasa ambako Mukura huwapa jasho wakubwa wa Kigali. Ukipita njia hiyo kwenda Burundi au Nyungwe, shuka. Lala usiku mmoja. Na kama uliwahi kupanga geto Tumba, Taba au Ngoma, piga hodi kwa mwenye nyumba. Huenda bado ana jina lako kwenye daftari.