Mbwa Aliyetibiwa Minyoo ya Moyo Apumzishwe

Bugolobi imepakana na kinamasi cha Nakivubo, ambacho maji yake huelekea Ziwa Viktoria. Penye kinamasi hapakosi mbu, nao mbu ndio waambukizao mbwa minyoo ya moyo. Mwenye mbwa mlinzi hana budi kujua kwamba hatari haiishi kwa sindano.

Dawa ya melasomini huua minyoo iliyokomaa, iishiyo moyoni na katika mishipa iendayo mapafuni. Lakini minyoo hiyo haitoki kwa choo kama ile ya tumbo. Huvunjika vipande, na mwili huiyeyusha polepole. Mbwa akikimbia, damu huenda kasi na vipande huweza kuziba mishipa ya mapafu. Hapo huweza kufa ghafula, ingawa jana yake alionekana mzima.

Basi, tangu sindano ya kwanza hadi wiki 6 au 8 baada ya ile ya mwisho, asikimbie, asiruke, wala asicheze na watoto. Akae mahali penye kivuli, atolewe kwa kamba fupi kwenda haja tu. Akikohoa sana, akitema damu, akihema kwa shida au akizimia, apelekwe kwa daktari wa mifugo mara moja. Akipona, apewe dawa ya kinga kila mwezi.

Askari aliyejeruhiwa hapangiwi lindo kabla ya kupona. Mbwa naye astahili vivyo hivyo.