Manifodi ya hewa: kuifungua, kuichonga na kuifunga tena

Manifodi ni nomino ya ngeli ya i-/zi-. Umoja na wingi wake havitofautiani kwa umbo: manifodi hii, manifodi hizi. Neno limetoka katika Kiingereza, ambako maana yake ya asili ni kitu chenye sehemu nyingi. Katika ufundi wa magari lina maana ya bomba lenye matawi ambalo upande mmoja lina mdomo mmoja na upande wa pili lina midomo kadhaa inayoelekea kwenye silinda za injini. Gerejini husikika pia matamshi ya menifodi.

Injini ya kawaida ina manifodi mbili. Manifodi ya hewa hugawa hewa kwa silinda zote; manifodi ya moshi hukusanya moshi kutoka silinda hizo na kuupeleka katika bomba la nyuma. Mtu akitaja manifodi bila kuongeza ya hewa au ya moshi, msikilizaji hulazimika kukisia, na dukani kukisia huko hugharimu fedha. Anayeagiza "gasketi ya manifodi" aweza kurudi nyumbani na gasketi isiyolingana hata kwa tundu moja na ile aliyoihitaji. Gasketi ya upande wa moshi hutengenezwa kwa kustahimili joto kali, na ya upande wa hewa haikukusudiwa joto hilo. Kwa hiyo sifa inayofuata neno hili ni sehemu ya jina lenyewe, wala haipasi kuachwa kwa sababu ya haraka.

Kazi ya manifodi ya hewa

Mfano mzuri ni injini ya Toyota 4A-FE, iliyotumika katika Corolla nyingi za miaka ya 1990. Ina silinda 4, vali 16 na ujazo wa sentimita za ujazo 1,587. Kila silinda huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko 2 ya injini. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika huku kilango cha hewa kikiwa wazi kabisa, na tuseme silinda zijae kikamilifu, hewa inayopita katika manifodi hukaribia lita 2,400 kwa dakika. Manifodi haina budi kuigawa hewa hiyo kwa usawa. Silinda ikipata pungufu ya wenzake, injini hukosa utulivu. Mafundi husema gari linamisi, yaani silinda moja au zaidi haiwaki inavyopasa.

Kompyuta ya injini hupima hewa inayoingia au mgandamizo uliomo ndani ya manifodi, kisha huamua kiasi cha petroli. Uwiano unaolengwa kwa petroli ni takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya mafuta. Hewa ikipenya kwa njia nyingine, kama vile mpira uliopasuka au gasketi iliyokaa vibaya, hesabu hiyo huvurugika. Dalili zake hutambulika kwa urahisi: injini hunguruma kwa kasi kupita kiasi gari likiwa limesimama, hupanda na kushuka bila kukanyagwa, na husikika mlio mwembamba wa kufyonza.

Vitenzi vya kufungua

Kiswahili kina utajiri wa pekee kwa kazi ya namna hii, nao ni kauli ya kutendua. Kiambishi -u-, au -o- pale irabu ya mzizi inapokuwa o, hugeuza kitendo kikawa kinyume chake: funga huwa fungua, na chomeka huwa chomoa. Maelezo ya kutoa manifodi ya hewa karibu yote huweza kuandikwa kwa vitenzi hivi, na mwandishi anayevitumia kwa uangalifu humpa fundi njia ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja.

Kabla ya kitenzi cha kwanza, injini iwe imepoa. Mafuta katika reli ya petroli hukaa chini ya mgandamizo wa karibu mara 3 ya ule wa angahewa hata baada ya injini kuzimwa. Kwa hiyo fyuzi ya pampu ya mafuta huchomolewa, injini huwashwa na kuachwa mpaka ijizime yenyewe, kisha waya hasi wa betri hufunguliwa. Kazi hufanyiwa mahali penye hewa ya kutosha, mbali na jiko, sigara na cheche.

Funika, funua. Kifuniko cha chujio la hewa hufunuliwa, na bomba linaloelekea kwenye kilango cha hewa hutolewa.

Chomeka, chomoa. Soketi za nyaya na mipira midogo ya mvuto huchomolewa. Soketi huchomolewa kwa kubonyeza kishikizo chake. Kuvuta waya si kuchomoa, ni kukata. Kila mpira huwekewa alama kabla ya kutolewa, kwa kuwa mipira mingi hufanana unene na kutofautiana kazi. Mmoja wao, ulio mnene kuliko mingine, huenda kwenye chombo kinachomsaidia dereva kukanyaga breki. Katika magari mengi mipira ya maji ya rejeta hupita kwenye kilango cha hewa, hivyo maji hupunguzwa kwanza.

Funga, fungua. Bolti na nati huanza kwa kulegezwa, ndipo hufunguliwa. Kulegeza na kufungua si kitu kimoja: bolti iliyolegezwa bado imo. Zote hulegezwa kwanza kwa zamu, ili bomba lisielemee upande mmoja. Injini nyingi zina mhimili unaoishikilia manifodi kutoka chini, na bolti zake huonekana kwa kuinama tu. Fundi aliyezisahau huvuta na kutikisa bila mafanikio, na mwisho huvunja masikio ya alumini.

Bandika, bandua. Gasketi iliyokaa miaka mingi huganda, na hapo hubanduliwa taratibu kwa kibao cha plastiki au mbao. Bisibisi huacha mikwaruzo katika alumini, na mkwaruzo mmoja unatosha kuwa njia ya hewa.

Ziba, zibua. Mara tu manifodi inapotoka, matundu ya hedi huzibwa kwa vitambaa safi visivyochuja nyuzi, na idadi yake huandikwa. Nati moja ikidondokea ndani na kupita vali, injini ikiwashwa hugongwa na pistoni, na kazi ya mchana mmoja huwa gharama ya kushusha injini nzima. Kitambaa kilichosahauliwa nacho huleta madhara. Idadi ya vilivyozibwa ilingane na idadi ya vilivyozibuliwa.

Tahadhari moja ya kisarufi: si kila kitenzi kinachofanana na jozi ni jozi. Ungua si kinyume cha unga. Maana yake ni kuathiriwa na moto. Kinyume cha unganisha ni tenganisha. Vilevile kinyume cha kaza ni legeza, neno la mzizi mwingine kabisa.

Vitenzi visivyo na kurudi

Baada ya manifodi kuwekwa mezani, wengi hutamani kuigeuza ili hewa ipite kwa wepesi zaidi. Hapa vitenzi hubadilika: toboa, kwangua, pasua, kata, chonga, saga. Vitatu vya mwanzo vina sura ya kutendua, lakini havina kitenzi cha msingi ambacho vingeweza kukirudia. Hakuna *tobeka ya kuziba kilichotobolewa, wala pasa si kinyume cha pasua. Vitatu vya mwisho havina hata sura hiyo. Ndivyo ilivyo pia kwa alumini: iliyosagwa hairudi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kazi inayofaa kufanyiwa nyumbani ni kuoanisha matundu, yaani kuondoa ngazi ndogo iliyopo mahali mdomo wa manifodi unapokutana na tundu la hedi. Gasketi mpya, ikiwa imethibitishwa kuwa inalingana na hedi, huwekwa juu ya uso wa manifodi kwa kufuata matundu ya bolti, kisha mpaka wake huchorwa kwa ncha kali. Kilichozidi ndani ya mstari huondolewa kidogo kidogo kwa tupa ya duara au jiwe la kusagia, na mteremko huingizwa ndani ya tawi polepole ili njia isipanuke ghafla. Mdomo wa manifodi ukibaki mdogo kidogo kuliko tundu la hedi hakuna dhara kubwa. Ukiwa mkubwa kuliko tundu hilo, ukingo wa hedi husimama mbele ya hewa kama kizingiti, na kazi yote huwa imeharibu badala ya kufaa.

Msasa humalizia. Neno hili, kabla ya kuwa jina la karatasi ya dukani, ni jina la mti wenye majani makavu yanayokwaruza, yaliyotumika kulainisha mbao. Katika manifodi ya hewa, msasa hauhitajiki kung'arisha mpaka uso uwe kioo. Pale petroli inaponyunyiziwa karibu na matundu, mng'aro huo hauongezi nguvu ya maana. Uso laini wa kawaida unatosha.

Kufupisha matawi ni jambo jingine. Matawi marefu hunufaisha injini katika mizunguko ya chini, na mafupi katika mizunguko ya juu. Gari la kubebea familia na mizigo mjini hutumia muda mwingi katika mizunguko ya chini. Kulifupishia matawi ni kulinyang'anya nguvu mahali linapoihitaji. Manifodi za plastiki, zilizoenea katika injini za baadaye, hazifai kabisa kwa tupa wala kulehemu, kwani kuta zake ni nyembamba na hupasuka.

Baada ya kusaga, manifodi huoshwa kwa maji moto na sabuni, husuguliwa kwa brashi ndani ya kila tawi, huoshwa tena, kisha hukaushwa. Unga wa alumini na wa msasa ukibaki huvutwa na injini, nao hukwaruza kuta za silinda.

Kutengeneza, kukarabati, kurekebisha, kuboresha

Maneno haya manne hutumiwa kana kwamba ni moja. Kutengeneza ni neno pana: huhusu kuunda kipya na pia kuponya kilichoharibika. Kukarabati ni kurudisha kitu katika hali yake ya awali. Kurekebisha ni kuweka sawa kilichopotoka au kubadili kidogo ili kifae. Kuboresha ni kufanya kiwe bora kuliko kilivyokuwa, na neno hili lina dai ndani yake: linahitaji kipimo cha kabla na kipimo cha baada. Manifodi iliyosagwa bila kupimwa nguvu za injini wala matumizi ya mafuta imegeuzwa. Kusema imeboreshwa ni kutangulia ushahidi. Anayeuza gari lenye manifodi ya namna hiyo akiandika tu kwamba imeboreshwa, mnunuzi hapati habari anayoihitaji.

Kufunga

Kurudisha huanza kwa kuzibua: vitambaa vyote hutolewa na kuhesabiwa. Gasketi mpya hupachikwa ikiwa kavu na safi, isipokuwa kitabu cha mtengenezaji kieleze vinginevyo. Bolti zote huanzishwa kwa vidole, maana spana huweza kulazimisha bolti iliyopinda na kuharibu hesi zake. Kisha hukazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu 2 au 3, kwa spana yenye kipimo, mpaka kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha injini husika. Agizo la "kaza sana" halina nafasi katika maelezo ya ufundi. Alumini ikikazwa sana hesi hung'oka. Plastiki ikikazwa sana hupasuka. Na vyote viwili vikikazwa pungufu hewa hupenya.

Mpira wa breki hukaguliwa wa mwisho, na peke yake. Ukiachwa nje, injini huvuta hewa isiyopimwa, na breki hupoteza msaada wake: pedali huwa ngumu na gari huhitaji nguvu nyingi zaidi za mguu ili lisimame. Kabla gari halijaondoka, injini ikiwa imezimwa, pedali hukanyagwa mara kadhaa mpaka iwe ngumu, kisha hushikiliwa hivyo injini ikiwashwa. Ikizama kidogo chini ya mguu, msaada upo. Isipozama, gari halitoki nyumbani.

Petroli nayo hukaguliwa kwa macho na pua katika kila kiungo kilichoguswa, kwanza swichi ikiwa imefunguliwa bila kuwasha injini, kisha injini ikinguruma. Kutafuta penyo la hewa kwa kunyunyizia petroli juu ya injini yenye moto ni hatari ya wazi; mafundi wenye vifaa hupuliza moshi wa majaribio kwa mgandamizo mdogo, injini ikiwa imezimwa, na kutazama unapotokea.

Mifano ya matumizi

Manifodi ya hewa imefunguliwa, bali gasketi haijabanduliwa.
Bolti zilegezwe zote kabla hata moja haijafunguliwa.
Matundu manne yalizibwa. Matundu manne yazibuliwe.
Tawi la tatu limechongwa, nalo halirudishiki. Manifodi nyingine itafutwe.