Mbwa wa Mtoto Aingia Jeshini

Askari aliyepata kushika lindo la usiku pamoja na mbwa ajua kwamba sikio la mnyama huyo hutangulia la binadamu. Lakini ni wangapi hujiuliza mbwa huyo alitoka kwa nani?

Swali hilo ndilo kiini cha "Cracker!", hadithi ya watoto iliyotungwa na Cynthia Kadohata wa Marekani na kuchapishwa mwaka 2007. Willie, mvulana wa miaka 11, analazimika kuachana na mbwa wake Cracker, kwa kuwa nyumba waliyohamia wazazi wake haikubali mbwa. Amtoa kwa jeshi. Huko Cracker akabidhiwa askari kijana, Rick Hanski. Wafunzwa pamoja, kisha wapelekwa vitani Vietnam, kazi ya mbwa ikiwa kunusa mitego na maadui waliojificha.

Hadithi ni ya kubuni, bali historia yake ni ya kweli. Mbwa wapatao 4,000 walitumika katika vita hivyo. Walihesabiwa kuwa vifaa tu, na majeshi yalipoondoka wengi waliachwa huko au waliuawa. Kiasi cha 200 tu ndio waliorudi. Hata mwaka 2000 ndipo sheria ya Marekani iliporuhusu mbwa wastaafu wachukuliwe na askari waliowaongoza, au na raia.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Askari aliyeshika kamba ya mbwa yule alishika pia amana ya mtoto, na amana hairudishwi ghalani kama kifaa kilichochakaa.