Mafuta Yalikuwa Yanakwenda Wapi?

*Taa moja ndogo ya njano kwenye dashibodi ilikaribia kuniharibia ndoa. Bahati nzuri nilipima kabla ya kufungua mdomo.*

Naomba nianze kwa kukiri kosa. Kwa karibu miezi miwili nilimshuku mume wangu kwa sababu ya petroli. Sikumwambia kitu. Nilikuwa nanuna tu, nachungulia simu yake akiwa bafuni, na kila akichelewa kurudi nasema moyoni, "Haya, mafuta yangu hayo yanachomwa kwa mwenyewe."

Ngoja nieleze. Tunaishi Kimara na wote tunafanya kazi Posta. Tuna kagari kamoja kadogo ka Kijapani, silinda nne, sisii 1300, tulikokanunua mtumba kwa akiba zetu wawili. Asubuhi tunaondoka pamoja, tunampitisha mtoto shule. Jioni mimi natangulia na mwendokasi ili nimuwahi mtoto, yeye anarudi na gari akimaliza kazi zake. Kwa siku ni kama kilomita 40, kwa wiki ya kazi 200. Kila Jumatatu tulikuwa tunaweka petroli ya shilingi elfu hamsini, wakati huo ilikuwa kama lita 17, na tunafika nayo Ijumaa bila wasiwasi.

Ghafla mafuta yakaanza kuishia Alhamisi. Nikimuuliza, jibu ni moja: "Foleni, mke wangu." Foleni! Kwani foleni ya Ubungo imeanza leo? Kibaya zaidi, alianza kurudi saa tatu, saa tatu na nusu usiku. Shosti wangu wa ofisini ndiye akanimaliza kabisa: "Mwanaume mafuta yakipungua bila maelezo, ujue kuna kituo kingine anachosimama."

Kilomita hazidanganyi

Mimi ni mhasibu. Nikaona kama ni kumkamata, nimkamate na ushahidi. Jumatatu asubuhi, yeye akiwa anafunga geti, nikapiga picha ile namba ya kilomita kwenye dashibodi. Alhamisi usiku taa ya mafuta ilipowaka, nikashuka na funguo kimya kimya, nikapiga picha nyingine.

Nikakaa jikoni na kalamu. Kilomita 160. Siku nne mara 40 ni 160. Hapakuwa na hata kilomita moja ya nyumba ndogo.

Nikagawanya tena. Zamani lita moja ilikuwa inatupeleka karibu kilomita 12. Sasa ilikuwa inatupeleka 9 na kidogo. Gari lilikuwa linakwenda kule kule, ila linakunywa zaidi. Nilijisikia aibu ambayo siwezi kuieleza.

Usiku ule nikamwambia ukweli wote, hata habari ya simu. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema taratibu, "Miezi miwili unalala pembeni yangu unaniwazia hivyo?" Sikuwa na jibu.

Halafu na yeye akakiri lake. Ile taa ya injini niliyokuwa naiona imewaka, ambayo aliniambia "fundi ameshaiangalia", ilikuwa imemla laki na nusu kutoka kwenye akiba yetu. Fundi mmoja wa chini ya mti alipima, akasema ni sensa ya oksijeni, akabadilisha. Baada ya siku mbili taa ikarudi. Mume wangu akaona aibu kuniambia, akawa anapitia gereji kila jioni kujaribu kurekebisha kimya kimya. Huko ndiko alikokuwa akichelewa.

Kwa hiyo ndani ya nyumba moja tulikuwa wawili, kila mtu anabahatisha peke yake.

Sensa hii ni kitu gani?

Jumamosi tukaenda wote wawili kwa fundi mwingine, Ilala, kijana ambaye mfanyakazi mwenzangu alinielekeza. Nilimwambia wazi: "Kaka, leo usibadilishe kitu mpaka unionyeshe kwa nini." Akacheka, "Shemeji, wateja kama wewe ndio wazuri."

Akanieleza hivi. Sensa ya oksijeni ni kidude kama plagi kilichofungwa kwenye bomba la ekzosti. Kazi yake ni kunusa moshi na kuipa kompyuta ya gari taarifa ya oksijeni iliyobaki. Oksijeni ikiwa nyingi, maana yake petroli ilikuwa kidogo, na kompyuta inaongeza. Oksijeni ikiwa kidogo sana, petroli imezidi, na kompyuta inapunguza. Gari la kwanza kuuzwa likiwa na sensa hii lilikuwa Volvo, mwaka 1976, na sensa ilitengenezwa na Bosch. Siku hizi karibu kila gari la petroli linayo, na mengi yana mbili au zaidi.

Hapo ndipo penye mtego. Ya kwanza iko karibu na injini, kabla ya kichujio cha moshi ambacho mafundi wanakiita masega. Hiyo ndiyo inayotumiwa hasa kupanga petroli. Ya pili iko baada ya masega, chini ya gari, na kazi yake kubwa ni kuchunguza kama masega yanafanya kazi. Sasa fundi wa kwanza alibadilisha ipi? Ile ya chini, kwa kuwa ndiyo inayoonekana na kufikika kirahisi. Ya kwanza kwenye gari letu imejificha nyuma ya injini, mkono unapita kwa shida.

Kijana akachomeka mashine yake kwenye soketi iliyo chini ya usukani. Ikaandika P0135. Namba hiyo inahusu hita ya sensa ya kwanza. Ingekuwa hita ya sensa ya pili, ingeandika P0141. Tofauti ya tarakimu hizo ndiyo laki na nusu yetu!

Nani mwongo?

Hata hivyo hakukimbilia kununua. Alisema namba inakuonyesha pa kutafuta, haikwambii cha kununua. Waya uliokatika au fyuzi iliyoungua inaweza kuleta namba hiyo hiyo.

Kwanza aliwasha gari mpaka injini ikapata moto, akatuonyesha volti za sensa kwenye mashine. Sensa nzima ya aina yetu hucheza muda wote, inapanda mpaka karibu volti 0.9, inashuka mpaka karibu 0.1. Yetu ilikaa kwenye 0.1 bila kutikisika, hata alipokanyaga mafuta. Maana yake ilikuwa inalia muda wote, "Petroli haitoshi!" Lakini mdomo wa ekzosti ulikuwa mweusi wa masizi na unanuka petroli, na plagi alizofungua zilikuwa nyeusi vile vile. Sensa inasema petroli haitoshi, moshi unasema imezidi. Mmoja kati yao ni mwongo, na masizi hayawezi kudanganya.

Kisha akazima gari, akachomoa soketi ya sensa na kupima kwa mita. Sensa hii ina waya nne, na mbili zenye rangi moja ni za hita. Hita ni muhimu, kwa sababu sensa haifanyi kazi vizuri mpaka ipate joto la zaidi ya nyuzi 300. Hita nzima husoma omu chache, kwa kawaida chini ya 20. Yetu haikusoma kitu, waya wa ndani umekatika. Akapima na upande wa gari: umeme unafika, fyuzi nzima. Hapo ndipo akasema, "Sasa kanunueni sensa."

Kazi yenyewe

Tukaenda Gerezani na sensa namba yetu imeandikwa kwenye karatasi. Muuzaji mmoja akanipa ya mtumba, "Dada'angu, hii bei chee." Nikakataa, maana huwezi kujua imebakiza maisha kiasi gani. Tulichukua mpya, tukahakikisha namba ya spea, soketi na urefu wa waya vinalingana. Jambo hili ni la lazima, kwa sababu magari mengine sensa yake ya kwanza ni ya aina nyingine kabisa, inafanana kwa sura lakini inasoma tofauti.

Fundi alitoa waya hasi wa betri. Injini ilikuwa vuguvugu, maana ikipoa kabisa sensa hung'ang'ania, na ikiwa ya moto inakuunguza. Akapuliza mafuta ya kulegeza kutu, tukanywa soda, kisha akaingiza spana maalumu namba 22 yenye mkato wa kupitisha waya. Mume wangu alishika tochi, mimi nikashika mita. Ilitoka kwa mlio ambao nilidhani kimevunjika kitu.

Sensa mpya ilikuwa na grisi yake kwenye nyuzi tangu dukani. Alituonya kwamba grisi isiguse ncha, wala usipake silikoni karibu nayo, utaiua siku hiyo hiyo. Aliianza kwa mkono mpaka ikaingia bila kulazimisha, akaikaza kiasi, akafunga waya mbali na bomba la moto. Betri ikarudi, namba ikafutwa, tukazunguka mtaani. Tuliporudi volti zilikuwa zinapanda na kushuka kama inavyotakiwa. Nilipiga makofi kama mtoto.

Alituambia pia kwamba tungeendelea kupuuza, petroli ya ziada ingeweza kuyaunguza masega, na hapo hesabu ingekuwa ya bei nyingine kabisa.

Kabla hujatoa pesa

• Soma namba nzima ya kosa. Uliza: sensa ya kwanza au ya pili?
• Angalia fyuzi, waya na soketi kabla ya kununua chochote.
• Dai kuonyeshwa kipimo, na uchukue spea ya zamani iliyotolewa.
• Andika kilomita kila unapoweka mafuta. Daftari la shilingi mia tano linatosha.

Ijumaa ikarudi

Wiki iliyofuata zile lita 17 zilifika Ijumaa jioni na taa ya mafuta haijawaka. Lakini usidhani ndoa inatengenezwa kwa spana namba 22. Ilichukua muda mume wangu kuacha kuweka simu yake juu ya meza kwa makusudi, screeni juu, kila anapokwenda kuoga. Nilijua ananikumbusha. Nilistahili.

Tulikubaliana mambo mawili tu. Yeye hafichi tena hasara, hata ikiwa ya aibu. Mimi sinuni tena bila kuuliza. Daftari la kilomita linakaa ndani ya gari na tunaliandika wote. Juzi nilianza kulalamika kwamba umeme wa luku unaisha haraka mno siku hizi, nikamkazia macho. Akaniangalia, akatabasamu, akauliza, "Umeshapima, mama?"

Nikaenda kupima. Lilikuwa ni friji.