Hati ya Mabaki: Gari Lililofutwa Linaporudi Sokoni Marekani

Gari dogo la thamani ya dola 10,000 limegongwa ubavuni. Fundi analizunguka, anafungua mlango uliobonyea, kisha anaandika makadirio: dola 8,500. Likiwa limesajiliwa Florida, sheria inalihesabu kuwa mabaki, kwa sababu gharama imepita asilimia 80 ya bei ya kupata jingine kama hilo. Likiwa Texas, ambako kiwango ni asilimia 100, hati yake inaweza kubaki safi. Pigo ni lilelile, bati ni lilelile.

Tofauti hiyo inatokana na utaratibu wa Marekani, ambako hati ya umiliki wa gari hutolewa na jimbo. Kampuni ya bima ikiona matengenezo hayalipi, humfidia mteja thamani ya gari na kulichukua. Hati ya awali hurudishwa, na mpya hutoka na neno "salvage", yaani mabaki. Kuanzia hapo gari haliruhusiwi kutembea barabarani.

Safari yake haiishii hapo. Copart, iliyoanzishwa Vallejo, California, mwaka 1982, na mshindani wake IAA, iliyonunuliwa na Ritchie Bros. mwaka 2023, huyanadi magari hayo kwa njia ya intaneti. Wenye yadi za spea hununua, wasafirishaji hununua, na mafundi wa kunyoosha bodi hununua. Fundi akimaliza kazi, gari hukaguliwa na jimbo, likapewa hati yenye neno "rebuilt": limejengwa upya. Sokoni, gari hilo kwa kawaida huuzwa kwa asilimia 20 hadi 40 chini ya mwenzake asiye na doa.

Punguzo hilo ndilo linalovuta wanunuzi, na bima ndiyo inayowashtua baadaye. Bima ndogo, ya kufidia watu wengine, hupatikana bila taabu kubwa. Bima kubwa ni suala jingine: kampuni kadhaa huikataa kwa kuwa ni vigumu kutenganisha ubovu wa ajali ya kwanza na wa ajali mpya, na zinazokubali hulipa fidia kwa thamani iliyokwisha kushuka. Benki nazo husita kukopesha. Anayetaka gari la aina hiyo ampigie wakala wake wa bima kabla ya kutoa hata dola moja ya malipo ya awali.

Hatari kubwa zaidi ni gari lililofichwa historia yake. Baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005, na Harvey mwaka 2017, mamia ya maelfu ya magari yalizama. Walaghai huyapeleka baadhi ya magari ya namna hiyo jimbo lenye kanuni tofauti, huyasajili upya, na alama ya mabaki hupotea. Mchezo huo huitwa kufua hati. Hata kampuni kubwa zimewahi kuteleza: Januari 2005 State Farm ilikubali kutoa dola milioni 40 kwa ajili ya wamiliki wa magari takriban 30,000 ambayo huenda yaliuzwa bila alama iliyostahili.

Dawa ya sehemu ya tatizo ni NMVTIS, kumbukumbu ya taifa ya hati za magari iliyoasisiwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kufunguliwa kwa wanunuzi mwaka 2009. Mtu huingiza namba ya chasisi yenye tarakimu na herufi 17, akaona alama zilizowahi kuwekwa na kila jimbo. Mnunuzi wa Mombasa au Dar es Salaam aliyezoea kutafuta herufi R, alama ya gari lililotengenezwa baada ya ajali, kwenye karatasi ya mnada ya Japani ataielewa kazi hiyo mara moja.

Lakini uharibifu ambao mwenye gari aliutengeneza kwa fedha zake, bila kuita bima, haumo kwenye NMVTIS. Kwa hiyo mkanda wa kiti uvutwe mpaka mwisho kutafuta mstari wa tope. Zulia liinuliwe, reli za viti zipapaswe kama zina kutu. Swichi ikifunguliwa, taa ya mifuko ya hewa kwenye dashibodi iwake, kisha izimike. Isipowaka kabisa, huenda mifuko ilishafyatuka na haikurudishwa.