Gari Halisimami Papo Hapo

Leo hatuzungumzii chanjo wala lishe. Tunazungumzia breki. Usishangae. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, nasi wa Ruiru, Juja na Thika tunaishi kando ya barabara kuu iliyopanuliwa na kufunguliwa rasmi mwaka 2012. Isitoshe, akina mama wengi siku hizi wanajifunza kuendesha. Kwa hiyo maneno haya ni yako ukiwa kwenye usukani, na ni yako pia ukiwa umemshika mtoto mkono kando ya lami.

Gari husimama kwa hatua mbili. Kwanza jicho linaona, ubongo unaamua, mguu unatoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki. Kwa dereva aliye makini, hiyo ni kama sekunde 1, na muda huo wote gari linaenda kwa mwendo ule ule. Ukiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, sekunde hiyo moja ni karibu mita 14. Ndipo breki zinaposhika, nazo zinahitaji mita nyingine 14 hivi, lami ikiwa kavu na magurudumu yakiwa mazuri. Jumla ni mita 28. Piga picha matatu za abiria 14 zikiwa zimepangwa stejini moja nyuma ya nyingine: ni matatu 6.

Sasa ongeza mwendo hadi 80. Kabla breki hazijashika umeshapita mita 22, kisha breki zinakula mita 35. Jumla ni mita 57, yaani matatu 12. Umeongeza kilomita 30 tu na nafasi imezidi mara mbili! Sababu ni kwamba mwendo ukiwa mara 2, nguvu ambayo breki zinapaswa kuimaliza huwa mara 4. Kwenye 40 breki zinahitaji mita 9 hivi. Kwenye 80 ni hizo 35. Ule ubao wa magari ya kuchezea kule shule ya udereva hauwezi kukuonyesha jambo hili, maana gari la mkononi husimama unapotaka.

Chukua mfano. Mtoto anachomoka nyuma ya bodaboda, mita 28 mbele yako. Ukiwa kwenye 50, unasimama mbele yake kwa shida. Ukiwa kwenye 60, unamgonga ukiwa bado na kilomita 40 kwa saa. Ukiwa kwenye 80, unamgonga ukiwa na zaidi ya 70, kwani breki zimeanza tu kushika. Shirika hilo la afya linasema kutoka 50 hadi 65, hatari ya mpita njia kufa huongezeka mara 4 na nusu. Ndiyo maana sheria yetu ya trafiki inaweka kilomita 50 ndani ya miji na vituo vya biashara. Dereva wa matatu akikwambia kidhibiti mwendo chake ni cha 80, hakudanganyi, lakini 80 hiyo si ya katikati ya mji.

Mvua ikinyesha, hesabu nafasi ya breki kuwa mara 2. Lori lililobeba mawe ya Ndarugo nalo huchukua nafasi kubwa kuliko gari dogo, kwa hiyo usijichomeke mbele yake.

Wewe uliye na kibao cha L, chagua nguzo ya taa. Gari la mbele likiipita, sema polepole "elfu moja na moja, elfu moja na mbili". Ukiifikia nguzo kabla hujamaliza, uko karibu mno. Wakati wa mvua hesabu hadi nne. Ndiyo, matatu itaingia kwenye pengo hilo. Iache iingie, uanze kuhesabu upya.

Hapa niseme kama muuguzi. Ile sekunde 1 ni ya mtu aliyelala vizuri. Mama mwenye mtoto mchanga aliyekesha akinyonyesha huchelewa kukanyaga breki, na vivyo hivyo aliyemeza dawa ya mafua au ya mzio inayoleta usingizi. Uliza unapopewa dawa. Siku hiyo ahirisha somo. Mwalimu atakuwepo kesho.

Ukiwa abiria, usimpakate mtoto ukidhani mikono yako itamzuia. Gari la kilomita 50 likigonga kitu kigumu, mtoto wa kilo 10 huvutwa mbele kana kwamba ana kilo 200, zaidi ya magunia mawili ya mahindi. Kwenye gari la nyumbani tafuta kiti cha mtoto, na ukifunge nyuma.

Na mtoto wa chekechea au wa gredi ya 3 bado hajui kukadiria mwendo wa gari. Humwona dereva, akadhani naye ameonekana. Msindikize kwenye daraja la waendao kwa miguu hata kama ni mbali, ukimshika kifundo cha mkono badala ya vidole. Vidole huponyoka.