Mwimbaji Asizamishwe na Fidla

Siku hizi taarab za harusi zetu huku Ghuba wanazirekodi vijana wenyewe, kwa kompyuta na maikrofoni chache, na mashallah wanajitahidi. Tatizo moja: fidla unaisikia, kanuni unaisikia, kodiani ndiyo usiseme, lakini anachoimba bibi hukipati. Ukimwambia kijana, anampandisha mwimbaji sauti. Kelele zinazidi, maneno bado hayaeleweki.

Dawa si kupandisha, ni kupisha. Ndiyo kazi ya ikwalaiza: hupunguza au huongeza sehemu moja ya masafa ya sauti, nyingine ikaziacha. Sikio zima husikia tangu hezi 20, muungurumo wa chini, mpaka kama hezi 20,000, mlio mwembamba kabisa.

Nimesomesha lugha miaka mingi, basi nianzie kwenye herufi. Irabu zina nguvu huku chini. Konsonanti kama t, s na k hutambulika zaidi juu, baina ya hezi 2,000 na 8,000. Zikifunikwa, “penda” na “tenda” huwa neno moja. Na humo humo ndimo fidla na kodiani zinamong’ara.

Fanyeni hivi. Kwanza, kwenye sauti ya mwimbaji, kateni vilivyo chini ya hezi 80: humo hamna maneno, mna upepo na vishindo vya miguu. Pili, akisikika kama anaimbia mtungini, punguzeni desibeli 2 au 3 baina ya hezi 200 na 400. Tatu, mwacheni mwimbaji, nendeni kwenye fidla na kodiani, mpunguze desibeli 2 au 3 karibu na hezi 3,000. Nafasi ishapatikana. Mkimwongezea yeye mwenyewe huko juu, iwe kidogo tu, la sivyo kila s itachoma sikio. Na pimeni vyombo vyote vikipiga, si sauti peke yake.

Sharti mwimbaji awe na maikrofoni yake. Kilichorekodiwa kwa simu moja kimeshachanganyika kama chai na maziwa.

Taarab ni maneno, jamani. Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928, mitambo ilishika sehemu ndogo tu ya masafa, ila aliyekusudiwa kusikika ni yeye. Wajukuu wetu waliozaliwa Maskati na Dubai wengi Kiswahili wanakiokota nyimboni. Fumbo wasilolisikia, watalifumbua vipi? Na bibi hatakuwepo siku zote tumwombe arudie.